Pamba kuta kabla ya kuisimamisha nyumba

Mkioka nyumba ya biskuti za tangawizi na watoto Krismasi hii, msikimbilie kuisimamisha. Laza kuta mezani, bandika pipi kwa aisingi (rojo ya sukari inayogandisha), kisha ziache usiku kucha zikauke. Ukuta ukishasimama, pipi nzito huteleza na kuburuta aisingi hadi chini, na hapo ndipo vilio huanza. Aisingi iwe nzito: ute wa yai 1 kwa gramu kama 220 za sukari ya unga, na matone ya limau. Ukiinua kijiko, ncha isimame. Funika bakuli kwa kitambaa chenye unyevu, maana hukauka upesi. Paa lipambe mwisho. Na sisi wa Mombasa, pipi ngumu hutoka jasho. Hizo zibandike siku ile ile ya kuila.