Kabla ya kuilisha modeli vipimo, soma tofauti zake

Modeli ya hali ya hewa, yaani programu ya kompyuta inayokokotoa utabiri, haianzi na ukurasa mtupu. Kila inapopanga utabiri mpya, huwa tayari ina makadirio ya hali ilivyo sasa, yaliyotokana na utabiri uliotangulia, mara nyingi wa saa 6 nyuma. Vipimo vya vituo vya ardhini, maputo ya kupimia hewa, ndege, meli na setilaiti huja kuyasahihisha makadirio hayo. Kazi yangu ya kila siku iko hapo, na nimeshuhudia utabiri mzuri ukiharibiwa na vipimo vilivyomiminwa ndani bila kuchunguzwa.

Jambo hili si geni. Mwaka 1922 mwanasayansi Mwingereza Lewis Fry Richardson alichapisha hesabu ya utabiri aliyoifanya kwa mkono, akitumia vipimo vya Mei 20, 1910. Ikamletea badiliko la mgandamizo wa hewa la hPa (hektopaskali) 145 kwa saa 6, kitu ambacho anga haliwezi kukifanya. Milinganyo yake ilikuwa na mashiko. Tatizo lilikuwa kwamba upepo na mgandamizo alioanza nao havikuafikiana.

Kwa hiyo, anza na kutoa. Chukua kipimo, toa makadirio ya modeli ya mahali hapohapo na saa hiyohiyo, andika jibu. Fanya hivyo kwa kila kituo, kila saa, kwa mwezi mzima angalau, kisha uchore. Usiingize chochote kwenye modeli bado.

Mahali hapohapo maana yake ni pamoja na kimo. Kama kituo kiko mita 600 juu ya usawa wa bahari na ardhi ya modeli pale iko mita 900, modeli itaonekana baridi bila kosa lolote. Kwa wastani joto hushuka nyuzi 6.5 kwa kila kilomita unayopanda, hivyo mita hizo 300 ni karibu nyuzi 2. Rekebisha kwanza, ndipo utoe. Ila mabondeni, usiku uliotulia, hewa baridi hutuama chini na kanuni hiyo hugeuka. Mimi joto la usiku la vituo vya namna hiyo huliacha nje kabisa. Kulirekebisha kwa kubahatisha ni kuongeza kosa juu ya kosa.

Sasa tazama mchoro, na usiharakishe. Kuna kituo kimoja ambacho mgandamizo wake ulikuwa chini ya modeli kwa hPa 2.2, mchana na usiku, mvua na jua, wiki baada ya wiki. Mwenzangu alitaka tukifute kwenye orodha. Lakini kifaa kibovu huyumba. Hiki kilikuwa kimenyooka kama uzi. Karibu na usawa wa bahari, hPa 1 ni sawa na mita 8 hivi za kimo, kwa hiyo nilikuwa natafuta kama mita 18. Nikafungua kumbukumbu za kituo: kimeandikwa mita 124. Tulipouliza, jibu likawa mita 142. Tarakimu mbili zilikuwa zimebadilishana nafasi. Tuliposahihisha, tofauti ikashuka hadi karibu na sifuri, na kituo tulichotaka kukitupa kikawa miongoni mwa vile ninavyoviamini zaidi.

Kituo kingine kilikuwa baridi kuliko modeli kila asubuhi na chenye joto kuliko modeli kila jioni. Modeli yenyewe inaweza kuwa na tabia kama hiyo, kwa hiyo linganisha na majirani. Majirani walikuwa sawa. Nilisogeza data zake kwa saa chache, wimbi lote likalala. Kilikuwa kinatuma saa za eneo lake, zilizo mbele ya UTC (saa ya pamoja ya dunia), huku kikiziita UTC.

Baada ya usafi huo ndipo unaamua uzito. Chukua mfano mdogo. Modeli inasema nyuzi 24, na kosa lake la kawaida ni nyuzi 2. Kituo kinasema 27, kosa lake nyuzi 1. Tumia miraba ya makosa: 4 kwa modeli, 1 kwa kituo. Uzito wa kipimo ni 4 gawanya kwa 5, yaani 0.8. Tofauti ya nyuzi 3 zidisha kwa 0.8 ni 2.4, basi unaanzia nyuzi 26.4. Mifumo mikubwa inayoshughulika na mamilioni ya vipimo, kama 4D-Var, mbinu ya kuunganisha vipimo na modeli ambayo kituo cha Ulaya cha utabiri, ECMWF, kilianza kuitumia katika utabiri wake mwaka 1997, imejengwa juu ya mzani huohuo.

Makosa hayo usiyakisie. Wastani wa mraba wa tofauti zako unapaswa kukaribia jumla ya miraba ile miwili, hapa 5. Ukipata 1.5, umejisingizia makosa makubwa kuliko yaliyopo. Ukipata 12, kuna kosa hujalihesabu. Mara nyingi ni hili: kipimamvua hupima sehemu ndogo mno, wakati kisanduku kimoja cha gridi, yaani cha vipande ambavyo modeli huigawa dunia, ni kilomita kadhaa kila upande. Kipimamvua hakidanganyi, ila hakizungumzii kisanduku kizima. Ongeza kosa hilo, liitwalo kosa la uwakilishi.

Setilaiti zinataka jicho la pekee, kwa sababu data zake ni nyingi na makosa yake hufanana kwa vipimo vilivyo jirani. Ukiziingiza zote kana kwamba kila moja inajitegemea, zitameza kila kitu kingine. Zipunguze kwa umbali, ubaki na chache zilizotengana, na uondoe kwanza mwegemeo wa kifaa, yaani kosa lake la kudumu la upande mmoja.

Mwisho, pima. Endesha modeli mara mbili kwa tarehe zilezile, mara moja ukiwa na data mpya na mara moja bila hizo, mwezi mzima, ikibidi katika misimu miwili. Linganisha utabiri wa saa 24 na wa saa 72 na vipimo ambavyo hukuviingiza. Maputo ni shahidi mzuri kwa tabaka za juu. Usifurahie modeli kukubaliana na kituo saa ileile uliyoilisha. Hapo umejipima kwa jibu ulilolinakili.

Na ukigundua kosa la kituo, usilirekebishe kimyakimya kwenye faili lako tu. Mwandikie anayekitunza, mpe mchoro na tarehe, ili na wengine wanaopokea data zake wapate kimo sahihi.