Jinsi ya Kuanzisha Huduma ya Leza Zinazorekebishika Dar es Salaam: Faiba Kwanza, Gesi Baadaye

Leza ya kawaida hutoa mwanga wa urefu mmoja wa wimbi, uleule iliotoka nao kiwandani, ilhali leza inayorekebishika huweza kuhamishwa kutoka wimbi moja hadi jingine bila kubadilishwa yenyewe. Mwongozo huu ni kwa fundi wa faiba au wa vifaa vya vipimo anayetaka kuifanya tofauti hiyo kuwa kazi ya kumlipa. Hauhusu leza kubwa za maabara, kama ile ya yakuti yenye titani ambayo Peter Moulton aliionyesha mwaka 1982, kwa kuwa hizo huhitaji meza isiyotikisika na mteja wa chuo kikuu, na mimi sina hata kimoja.

Hatua ya 1: Tafuta hasara ambayo mteja tayari anaibeba

Kosa la wanaoanza ni kuagiza kifaa kwanza na kumtafuta mteja baadaye. Dar es Salaam ni mji ambao nyaya za baharini kama SEACOM na EASSy zinafika nchi kavu, na kampuni nyingi za intaneti hupitisha chaneli kadhaa za mwanga katika uzi mmoja wa faiba, kila chaneli na wimbi lake. Kampuni yenye chaneli 40 inayotumia moduli za wimbi moja (moduli ni kifaa kidogo chenye leza kinachochomekwa kwenye swichi au ruta) hulazimika kuweka akiba ya moduli 40 tofauti, la sivyo ikubali kukatika huduma hadi mzigo ufike kutoka nje. Moduli mbili au tatu zinazorekebishika hufanya kazi ya rafu nzima. Kwa hiyo usiuze moduli, uza akiba. Mteja akulipe kwa mwezi, nawe uwe na wajibu wa kufika na moduli iliyokwisha kuwekwa kwenye chaneli yake, hata saa nane za usiku.

Hatua ya 2: Nunua vichache, lakini vya kweli

Utahitaji moduli za bendi ya nanomita 1530 hadi 1565, pawa mita (kipimo cha nguvu ya mwanga), darubini ya kukagulia konekta na vifaa vya kusafishia. Ukibakiwa na fedha, ongeza kipimo kinachoonyesha kila chaneli ilipo. Kabla ya kulipa, hakikisha kwamba swichi au ruta ya mteja inaikubali moduli hiyo na inaruhusu kubadili chaneli, maana vifaa vingi hukataa moduli isiyo ya mtengenezaji wao. Mwanga wa mawimbi haya hauonekani kwa macho, hivyo usichungulie kamwe ndani ya konekta kwa kudhani kwamba imezimwa.

Hatua ya 3: Weka chaneli kwa terahezi, wala si kwa namba

Hapa ndipo nilipopata somo langu. Usiku mmoja, eneo la Ubungo, nilibadilisha moduli ya mteja aliyehitaji chaneli ya 34. Niliandika 34 kwenye swichi, taa ikawaka, na moduli ikaonyesha kwamba inatoa mwanga vizuri, lakini kipimo cha upande wa pili kilisoma -40 dBm, ambayo kwa fundi ni sawa na giza. Nilisafisha konekta mara tatu, nikabadilisha pachikodi mbili (nyaya fupi za faiba), nikamlaumu kimoyomoyo fundi wa zamu ya mchana. Kumbe katika mpangilio wa kimataifa chaneli ya 34 ni masafa (kasi ya kutikisika kwa wimbi) ya terahezi 193.4, yaani urefu wa wimbi wa nanomita 1550.12, lakini moduli yangu ilikuwa na orodha yake yenyewe, iliyoanzia terahezi 191.35 na kupanda kwa gigahezi 50, hivyo 34 yake ilikuwa terahezi 193.0. Tofauti hiyo ni takriban nanomita 3.2, na kisanduku kinachotenganisha chaneli kiliuzuia mwanga wote, kama kilivyotengenezwa kufanya.

Tangu siku hiyo, fomu yangu ya kazi ina masafa kwa terahezi, na mteja huyathibitisha kwa maandishi kabla sijatoka nyumbani. Fuata utaratibu huu: zima leza, weka masafa, soma tena masafa ambayo moduli yenyewe inaripoti, washa, subiri joto la chipu litulie, kisha ndipo upime upande wa pili. Suala la joto si la kupuuza katika mji wetu. Diodi ya kawaida ya aina hii husogea takriban nanomita 0.1 kwa kila nyuzi moja ya sentigredi, na ingawa moduli ina kipoozeo chake ndani, chumba ambacho kiyoyozi kimezimika mwezi Februari hukichosha kipoozeo hicho.

Hatua ya 4: Kazi ya faiba ikisimama, ingia kwenye gesi

Methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia, hufyonza mwanga karibu na nanomita 1653.7. Kifaa cha mkononi hupitisha leza huku na huko juu ya wimbi hilo, hupokea mwanga unaorudi kutoka ukutani au kwenye bomba, na hupima kiasi kilichofyonzwa. Wateja wako ni vituo vya kujaza gesi asilia kwenye magari na bajaji, karakana zinazofunga mifumo hiyo, na viwanda vilivyounganishwa na bomba.

Usimuuzie huduma hii mama lishe au hoteli inayopikia gesi ya mitungi. Gesi hiyo ni propani na butani, na kifaa kilichowekwa kwa ajili ya methani kitasema mahali ni salama wakati gesi inavuja. Mweleze mteja pia kwamba kipimo ni jumla ya gesi katika njia yote ya mwanga: wingu jembamba la mita 10 linaweza kusomeka sawa na wingu zito la mita 1. Kwa hiyo kifaa hiki kinaonyesha pa kutafuta, kisha kigunduzi kinachosogezwa kwenye kiungio chenyewe kinathibitisha.

Hatua ya 5: Vibali na ripoti

Sajili biashara BRELA, pata namba ya mlipakodi TRA, kisha uliza TCRA kuhusu leseni ya kufunga na kutengeneza vifaa vya mawasiliano, na EWURA kuhusu masharti ya kufanya kazi kwenye miundombinu ya gesi. Ripoti ya kila ukaguzi wa gesi iwe na picha ya kiungio, kipimo, saa, hali ya upepo na sahihi ya msimamizi, na bei yako ijumuishe safari ya pili ya kupima kiungio hichohicho baada ya kukazwa.