Kabla Hujatoa Pingu: Somo kwa Askari wa Shule

Somo hili nimewaandikia askari wenzangu mnaolinda shule za Marekani, na wazazi wetu Waswahili mnaopeleka watoto huko. Mwaka wa masomo 2017/18 shule za umma za nchi hiyo ziliripoti wanafunzi karibu 230,000 kwa polisi, na zaidi ya 54,000 walikamatwa. Watoto weusi walikuwa kama asilimia 15 ya wanafunzi wote, lakini karibu theluthi moja ya waliokamatwa. Mtafiti Gary Sweeten alionyesha mwaka 2006 kwamba mwanafunzi wa sekondari akikamatwa mara ya kwanza, uwezekano wa kuacha shule unakaribia kuwa maradufu. Akifikishwa mahakamani, unakaribia mara nne. Kwa hiyo pingu zile za dakika tano zinaweza kumharibia mtoto miaka mingi.

Hatua ya 1. Kubaliana na shule kabla tukio halijatokea. Yaandikwe yapi ni ya mwalimu na yapi ni ya polisi. Kumjibu mwalimu jeuri, kupiga kelele darasani, kukataa kutoa simu: hayo ni ya mwalimu. Katika kaunti ya Clayton, Georgia, kesi za shuleni zilifurika mahakama ya watoto baada ya polisi kuwekwa mashuleni miaka ya 1990. Mwaka 2004 Jaji Steven Teske aliwakalisha polisi na shule meza moja, wakatia saini: kwa makosa madogo, mara ya kwanza onyo, mara ya pili mafunzo au usuluhishi, mara ya tatu ndipo mahakamani. Kesi zikashuka sana.

Hatua ya 2. Ondoa watazamaji. Mtoto anayezungukwa na wenzake wenye simu mkononi hawezi kurudi nyuma, hata kama moyoni anataka. Waombe walimu waingize wengine madarasani. Wewe punguza sauti, simama pembeni yake badala ya kumkabili uso kwa uso, umpe muda wa kupumua. Kama hakuna anayeumizwa, usimshike.

Hatua ya 3. Usigeuze ofisi ya mkuu wa shule kuwa chumba cha mahojiano. Mwaka 2011, katika kesi ya J.D.B. dhidi ya North Carolina, Mahakama Kuu ya Marekani ilisema umri wa mtoto uzingatiwe pale inapoamuliwa kama alijiona yuko chini ya ulinzi. Mtoto wa kesi hiyo, aliyetajwa kwa herufi J.D.B. tu, alikuwa na miaka 13, na alihojiwa shuleni. Mpigie mzazi kwanza. Kama mzazi anazungumza Kiswahili, tafuta mkalimani. Tafadhali, msimtumie mtoto mwenyewe kutafsiri kosa lake kwa mama yake.

Hatua ya 4. Piga simu kabla ya kukamata. Ningeambiwa nibakize hatua moja tu, ningebakiza hii. Philadelphia ilikuwa na wanafunzi karibu 1,600 waliokamatwa mwaka 2013/14. Mei 2014 Kevin Bethel, wakati huo naibu kamishna wa polisi, alianzisha utaratibu mpya. Askari akimkuta mwanafunzi wa miaka 10 au zaidi na kosa dogo, kama bangi kidogo, fujo, au mkasi kwenye begi, anapiga simu kituo maalumu. Huko wanaangalia kumbukumbu zake. Kama hajawahi kutiwa hatiani na mahakama ya watoto, hakamatwi. Baada ya siku chache afisa ustawi wa jamii anafika nyumbani, anauliza kuna nini: msiba, njaa, uonevu, kukosa pa kulala. Familia inaelekezwa kwenye msaada.

Mwaka wa kwanza ukamataji ulipungua kwa zaidi ya nusu, na baada ya miaka mitano ulikuwa umeshuka kwa zaidi ya asilimia 80. Bethel mwenyewe amekuwa kamishna wa polisi wa jiji hilo tangu Januari 2024. Waliosema huruma ingemharibia kazi wamejibiwa.

Hatua ya 5. Wapatanishe waliogombana, wakikubali. Aliyeumizwa asilazimishwe kukaa na aliyemuumiza.

Bunduki, kujeruhi vibaya na ubakaji havimo katika somo hili. Hapo fanya kazi yako ya polisi.

MASWALI YA WASOMAJI

Mzazi, Ohio: Afande, shikamoo. Mtoto asipokamatwa, si atadhani bangi ni ruhusa?

Marahaba, mama. Shule bado inaweza kumwadhibu, na wewe bado ni mzazi wake. Kinachoepukwa ni kumbukumbu ya polisi. Huko Philadelphia hata familia ikikataa msaada, mtoto hakamatwi kwa kukataa huko.

Askari mpya: Mkuu wa shule akinishinikiza nimkamate je?

Uamuzi wa kukamata ni wako, ndugu yangu, si wake. Mwonyeshe makubaliano ya hatua ya 1 na umuulize yeye angefanya nini kama polisi hawangekuwepo shuleni. Mara nyingi jibu analo.

Mlezi: Hivi kweli wanakamata hata watoto wa darasa la kwanza?

Imetokea. Septemba 2019 huko Orlando mtoto wa kike wa miaka 6 alifungwa pingu shuleni. Askari yule alifukuzwa kazi, na mwaka 2021 Florida ikapitisha sheria ya kuzuia kumkamata mtoto chini ya miaka 7, isipokuwa kwa jinai nzito ya kutumia nguvu.

Mama wa aliyepigwa: Mwanangu ndiye aliyeumizwa. Haya yote mnamfikiria mkosaji, wangu je?

Pole sana, mama. Haki yako ya kulalamika polisi iko palepale. Lakini kesho asubuhi omba shule ikuandikie mpango wa usalama: darasa tofauti na la aliyemuumiza, basi tofauti, mtu mzima wa kumpokea getini, na jina la mwalimu utakayempigia akitishiwa tena. Mpango huo usipofuatwa, mwite askari wa shule mbele ya mkuu, na mlizungumze jambo hilo hapohapo.