Jinsi ya kufuatilia historia ya handaki la reli: mfano wa Kilsby

Watu wengi wakitaka kujua historia ya handaki wanakimbilia pale mdomoni, wanapiga picha treni ikitoka, basi wamemaliza, kumbe mambo yenyewe yako juu ya kilima. Tuchukue handaki la Kilsby kule Uingereza, karibu na mji wa Rugby, lina urefu wa kama mita 2,200 na liko kwenye reli kuu ya London kwenda kaskazini magharibi ambayo haipumziki.

Anza na ramani. Angalia reli inapopotelea, halafu ifuate kwa juu mpaka uone viduara vimejipanga, hizo ndio shafti, mashimo ya kutoka juu ya kilima hadi kwenye reli. Kilsby ina mbili kubwa mno, upana kama mita 18 kila moja, zimezungushiwa ukuta wa matofali utadhani minara ya ngome. Mbona kubwa hivyo? Treni zilikuwa za mvuke na watu waliogopa kweli kwamba moshi ungewamalizia pumzi humo ndani. Sasa hivi zinapita za umeme ila minara ipo pale pale.

Ukitoka hapo uliza habari za udongo, na hapa usiwe na haraka. Walichimba mashimo ya kupima kabla ya kazi, yakaonyesha shwari, kumbe yamepita pembeni ya mchanga uliojaa maji, ule ambao ukiuchimba unamiminika kama uji. Kazi ikafurika. Injinia Robert Stephenson akaleta injini za mvuke za kuvuta maji, zikavuta mchana na usiku kwa miezi 19 hivi, na gharama zikafika kama mara tatu ya makadirio.

Halafu linganisha tarehe za kufunguliwa kila kipande cha reli, mimi hii ndio naiamini kuliko zote. Aprili 1838 treni zilitoka London zikaishia Denbigh Hall, kituo cha muda njiani, abiria wanashuka, wanapanda magari ya farasi hadi Rugby, ndipo wanapata treni nyingine ya Birmingham. Pengo hilo lilizibwa Septemba 1838, na Kilsby iko humo humo katikati, yaani tarehe zenyewe zinakuonyesha handaki lilivyochelewesha reli.

Mwisho tafuta vitabu vya mazishi vya makanisa ya vijiji vya jirani, miaka ile ile ya ujenzi. Wachimbaji walikufa kwenye kazi hii, na majina yao huwezi kuyakuta kwenye ukuta wa handaki. Na tafadhali, fensi ya reli usiivuke, minara unaiona vizuri tu ukiwa barabarani.