Kumpangia Elimu Mtoto Mwenye Mahitaji Maalumu: Mwongozo kwa Mzazi na Mlezi

Mzazi anayeitwa shuleni kwa mara ya kwanza kujadili mpango wa elimu binafsi wa mtoto wake, yaani hati inayoeleza malengo ya mtoto huyo na huduma atakazopewa shuleni, huwakuta wataalamu kadhaa wenye makaratasi na istilahi asizozizoea, na mara nyingi huishia kutia saini akiamini kwamba wenye ujuzi wameshamaliza kazi. Kazi haijaisha. Katika kikao hicho hakuna mwingine anayejua mtoto huyo hulala vipi, hukasirishwa na nini na hutulizwa na nani, na maarifa hayo ni sehemu ya tathmini sawa na majibu ya vipimo.

Kwa hiyo anza kuandika mapema, wiki mbili au tatu kabla ya kikao. Andika ulichokiona, jambo lililotangulia na lililofuata, ukiepuka maneno ya kuhukumu kama vile "mvivu" au "mkaidi". Sentensi isemayo "nilipomwagiza mambo matatu kwa pamoja alifanya la kwanza kisha akasimama" humsaidia mwalimu kuliko malalamiko kwamba mtoto hasikii anapoambiwa. Hakikisha pia kwamba masikio na macho yamepimwa kabla ya hitimisho lolote kuhusu akili au tabia. Majimaji yanayokusanyika nyuma ya kiwambo cha sikio, kwa mfano, hupunguza usikivu wa mtoto kwa vipindi, leo akaitika na kesho asiitike, na watu wazima wakadhani anafanya makusudi.

Ombi la tathmini liwe la maandishi, lenye tarehe, nawe ubaki na nakala. Huombi hisani: Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unatambua katika Ibara ya 24 haki ya elimu jumuishi na unazitaka nchi wanachama zihakikishe msaada unaolingana na mahitaji ya kila mwanafunzi.

Mpango unapowekwa mezani, tumia muda wako mwingi kwenye malengo, kwa maana hapo ndipo mipango mingi huharibika. Lengo lisemalo "mtoto ataboresha usomaji wake" haliwezi kumfunga mtu yeyote, kwani hata neno moja jipya litahesabiwa kuwa maendeleo. Linganisha na hili: "Kwa sasa anasoma kwa usahihi maneno 20 katika aya ya maneno 50, ifikapo mwisho wa muhula atasoma maneno 45 katika aya ya kiwango hicho hicho, katika majaribio matatu kati ya manne." Hapa pana mahali pa kuanzia, mahali pa kufika, muda, na namna ya kupima. Kila lengo liulize maswali hayo manne, na likishindwa kujibu, omba liandikwe upya hapo hapo kikaoni.

Huduma nazo zitajwe kwa kipimo. "Tiba ya usemi kadiri itakavyohitajika" ni ahadi isiyodaiwa. "Mara 2 kwa wiki, dakika 30 kila mara, na mtaalamu wa tiba ya usemi" inaweza kufuatiliwa.

Kuna tofauti moja ambayo wazazi wengi huijua wakiwa wamechelewa, nami naisisitiza kwa uzito wote. Kumwongezea mtoto muda wa mtihani, kumpa maandishi makubwa au nukta nundu, au kumkalisha karibu na mwalimu hubadilisha njia tu, na somo hubaki lile lile. Kumpunguzia maudhui, yaani kumfundisha na kumpima kwa kiwango cha chini kuliko wenzake, ni uamuzi mwingine kabisa, unaoweza kugusa mitihani na vyeti vyake vya baadaye. Wakati mwingine ndio uamuzi unaomfaa, lakini uliza waziwazi ni upi unaopendekezwa katika kila somo, na matokeo yake ni yapi miaka ijayo.

Mtoto mwenyewe aulizwe. Asiyezungumza anaweza kuonyesha kwa picha, ishara au lugha ya alama ni somo gani linamchosha na ni nani angependa akae karibu naye.

Usipokubaliana na jambo, omba uonyeshwe vipimo vilivyozaa pendekezo hilo, kisha eleza pingamizi lako kwa maandishi. Waweza pia kuomba muda wa kuisoma rasimu nyumbani kabla ya kutia saini.

Msiachane kabla ya kupanga tarehe ya tathmini ijayo. Siku hiyo ikifika na lengo halijafikiwa, swali la kwanza liwe kama huduma zilizoandikwa zilitolewa kweli, mara ngapi na nani. Uwezo wa mtoto ujadiliwe baada ya jibu hilo kupatikana.