Somo: Nani anakupangia chumba cha taimushea, na lini

Nina miaka sita kwenye kitengo cha kupanga vyumba, katika risoti moja ya taimushea hapa Orlando, Florida, yaani nyumba za likizo ambazo watu hununua haki ya kuzitumia muda fulani kila mwaka. Kila Jumamosi ikifika saa kumi jioni mapokezi hufurika, na swali ni lile lile: "Mbona jirani kapata ziwa, mimi nimepewa maegesho ya magari?" Wengi humnunia binti wa mapokezi. Maskini, yeye anasoma tu tulichokwisha kupanga tangu Jumanne.

Hatua ya 1: Soma mkataba wako, achana na picha za tovuti.
Wapo wenye wiki ya kudumu na nyumba ya kudumu: wiki ya 27, namba 412, mwaka nenda mwaka rudi. Hao hatuwagusi. Wengine wana wiki inayoelea, yaani isiyo na tarehe maalumu, au pointi wanazozitumia kulipia siku wanazotaka, na kilichoandikwa kwao ni ukubwa wa nyumba na daraja la mandhari. Daraja hilo ndilo deni letu kwako. Ghorofa, jengo na umbali wa lifti ni maombi tu. Yapime maneno vizuri. Kule Hawaii, "mbele ya bahari" na "kuona bahari" ni madaraja mawili tofauti, na hilo la pili laweza kuwa bahari unayoiona ukisimama kwenye kona ya roshani na kupinda shingo. Mkataba umetimizwa. Kama daraja halikutajwa popote, umelipia vitanda na jiko; dirisha ni bahati yako.

Hatua ya 2: Jua umesimama wapi kwenye foleni.
Kila risoti ina kanuni zake, ila kwa kawaida baada ya wale wa nyumba za kudumu, na wanaohitaji bafu la kiti cha magurudumu, hufuata wamiliki wa risoti hiyo hiyo. Mwenye wiki nyingi mara nyingi humtangulia mwenye moja. Halafu wanaokuja kwa pointi kutoka risoti nyingine za kampuni, halafu waliobadilishana wiki zao za kwingine kupitia kampuni za kubadilishana kama RCI au Interval International. Aliyekodi mtandaoni huwa mkiani. Mwenye nyumba analipa ada ya matengenezo kila mwaka, aje asije, kwa hiyo akitangulizwa sioni dhuluma.

Hatua ya 3: Elewa tunavyopanga.
Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Kwenye kompyuta yangu kila chumba ni mstari, na kila mgeni ni kipande chenye urefu wa siku zake. Navipachika vipande hivyo visigongane wala kuacha mapengo. Tuseme umeomba 608 kwa siku saba kuanzia Jumamosi, na Jumamosi kweli iko wazi. Lakini kuna familia inaingia Jumatano, nao wana wiki nzima, na daraja lao halina chumba kingine kilicho wazi siku zao zote saba. Nikikuweka 608, wao watahama katikati ya likizo na watoto na mabegi. Kwa hiyo unakwenda 308, yenye mandhari ya daraja lile lile, chini kidogo. Kisha Ijumaa usiku kiyoyozi cha 308 kinakufa, na naanza upya.

Jambo jingine: nyumba ya vyumba viwili vya kulala mara nyingi ina mlango wa katikati, ikagawanywa ikawa nyumba kubwa na studio. Kwetu sisi sebule ya ile kubwa ndiyo inayotazama ziwa. Mwenye studio hutazama mgongo wa jengo la pili.

Hatua ya 4: Omba mapema, omba kidogo.
Wiki mbili hivi kabla, piga simu risotini penyewe, si kituo cha simu cha kampuni. Taja la kwanza na la pili: "Ghorofa ya juu, ikishindikana, mbali na lifti." Niliwahi kupokea ombi la mistari kumi na moja, likitaka karibu na bwawa na pia pawe kimya. Bwawa lenye watoto hamsini! Ukiniandikia kumi na moja nitakutimizia lililo rahisi, na huenda ndilo ulilolijali kidogo kuliko yote. Kama mama ana goti na hapandi ngazi, sema hivyo hivyo.

Hatua ya 5: Siku ya kufika.
Usipokipenda chumba, rudi mapokezi kabla hujafungua mabegi. Kitanda kikishalaliwa, kukuhamisha ni kuwaongezea wasafishaji chumba kizima. Na yule wa meza ya pembeni, anayekupa kadi ya kuegesha gari na kukualika kifungua kinywa cha bure, ni muuzaji wa taimushea. Hawezi kukubadilishia chumba hata kama anacheka nawe vizuri.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Houston: Shikamoo dada. Nikiweka dola 20 ndani ya pasipoti kama wafanyavyo Las Vegas, nitapewa chumba kizuri zaidi?
Jibu: Marahaba mdogo wangu. Hoteli ya kawaida inaweza kuwa na vyumba vizuri ambavyo havijauzwa. Kwetu chumba kizuri tayari kina jina la mtu. Utapoteza dola 20 na kumtia binti wa watu matatani.

Kutoka Muscat: Nimekodi kwa mtu mwenye pointi zake. Nimepiga simu, wanakataa kuandika ombi langu.
Jibu: Nafasi ni ya mwenye pointi, hata kama jina lako limeandikwa kama mgeni. Mwambie yeye ndiye aombe.

Kutoka Toronto: Dada, tunataka Animal Kingdom Lodge, ile hoteli ya Disney yenye wanyama nje ya madirisha, watoto waone twiga. Tuombe vipi?
Jibu: Pale twiga hawaombwi, wanalipiwa. Daraja la Savanna linagharimu pointi nyingi kuliko Standard, na hilo unalichagua siku ya kuweka nafasi. Wenye umiliki wa pale hufungua miezi 11 kabla, wanachama wengine miezi 7. Unachoweza kuomba ni uwanja gani wa wanyama utazame, kulingana na jengo lako. Ukiwa Jambo House taja Arusha, Uzima au Sunset. Ukiwa Kidani Village, ni Pembe au Sunset. Na yatamkeni vizuri majina hayo, wafanyakazi wengi hawajawahi kuyasikia yakitamkwa na mwenye lugha.