Siku ya Kwanza kwa Mshauri Nasaha katika Kituo cha Kijamii

Watu wengi wa Nairobi huahirisha kwenda kwa mshauri nasaha wakidhani kwamba siku ya kwanza watatakiwa kumwaga yote yaliyo moyoni mbele ya mtu wasiyemjua. Sivyo. Kikao hicho, ambacho kwa kawaida huchukua dakika 50 hadi saa moja, ni cha kufahamiana na kuelewana, na una haki ya kusema, "Hilo sitaki kulizungumzia leo."

Mapokezini utapewa fomu. Usiijaze kwa pupa, hasa penye jina la mtu wa kuarifiwa ikitokea dharura: ikiwa machungu yako yanatoka kwa ndugu mnayeishi naye ploti moja, andika namba ya rafiki unayemwamini. Kuuliza nani ataisoma fomu hiyo si ujeuri, kwani tangu mwaka wa 2019 Kenya ina sheria ya kulinda data ya kila mtu.

Ninalokusihi ulisikilize kwa makini zaidi ni maelezo kuhusu siri. Mshauri hapaswi kuyafikisha maneno yako kwa mumeo, mamako wala mchungaji wako. Lakini ukisema kwamba unakusudia kujiua au kumdhuru mwingine, au kwamba kuna mtoto anayeteswa, huenda akalazimika kuwahusisha wengine, na mipaka hiyo anapaswa kukueleza kabla hujaanza kusimulia. Asipokueleza, muulize. Muulize pia kama amesajiliwa na bodi iliyoundwa kwa Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka wa 2014, na kama bado ni mwanafunzi, anasimamiwa na nani.

Chumba chenyewe huenda kikawa kidogo: viti viwili, saa ukutani, karatasi za kufutia machozi mezani. Ikiwa ukuta ni wa mbao na unawasikia wanaopiga foleni nje, nao wanakusikia. Omba chumba kingine, au saa ambayo kituo hakina watu wengi.

Usitarajie kuamuliwa uhame au uvumilie. Atakuuliza maswali, atanyamaza kidogo, kisha mtapanga miadi inayofuata. Usipoelewana naye baada ya vikao viwili vitatu, omba mshauri mwingine, na ukizidiwa kabla ya siku ya miadi, piga 1199, namba isiyolipishwa ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya.